Kulitafuta Jawabu la Pili

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa Idara ya Hesabu katuita ofisini kwake wawili, mimi na Bi Kipande. Nafasi ya kudumu ni moja. Semina ya Ijumaa ndiyo itakayoamua. Mwenye hoja atabaki, asiye na hoja atakabidhi ufunguo mwisho wa mwezi. Akaongeza kwamba yeye hana upendeleo. Muda wote alikuwa akimtazama Bi Kipande.

Bi Kipande ni mwenzangu wa ofisi. Mwaka wa tatu huu meza zetu zinatazamana. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu huandika na chaki mpaka inabaki kipande kama punje ya hindi, na hata hapo haitupi. Nia yangu ilikuwa kumkejeli. Leo hata Mkuu anamwita hivyo, na mwenyewe kalipenda. Mipango yangu mingi huishia namna hiyo.

Niuandike ugomvi wetu, ili nikifa ghafla ukoo ujue nilikuwa upande gani. Kuna gesi isiyo na shinikizo. Chembe zake hazisukumani. Kila moja inakwenda zake kwa kasi yake kwenye mstari mmoja, kama mtu mwenye haraka zake, mpaka ikutane na nyingine. Hapo zinagandana na kuendelea pamoja kwa mwendo wa kugawana. Milinganyo yake ni miwili tu: uzito haupotei, na msukumo, yaani uzito mara kasi, haupotei. Swali ni hili. Ukijua chembe zilianzaje, je, unajua zitakuwa wapi baadaye? Kwamba jawabu lipo, Bi Kipande alithibitisha mwaka jana. Sasa anasema jawabu ni moja tu, hakuna la pili. Mimi nilisimama mbele ya idara nzima nikasema yapo mawili au zaidi. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na tai mpya.

Nikishindwa, nahamia kwa shemeji. Kwake tayari nakaa, maana ndiye mume wa dada yangu, lakini sasa itakuwa shuleni kwake, ambako ni mwalimu mkuu. Ratiba yangu keshaibandika kwenye friji. Vipindi ishirini na nane kwa wiki na zamu ya kukagua vyoo. Kila nikifungua friji kuchukua maziwa, naikuta inanisubiri.

Jioni nikachungulia ubao wa Bi Kipande. Umejaa kutoka juu mpaka chini. Kwenye mstari mmoja karibu na mwisho kachora kiduara chekundu. Pambo, nadhani.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Asiye na chaki hathibitishi kitu. Nimefika kabla ya mfagizi, nikakusanya maboksi yote ya chaki ya idara, saba, nikayaficha stoo nyuma ya ndoo. Kisha nikakaa mezani kwangu na uso wa mtu anayesahihisha mitihani.

Bi Kipande kaingia. Katazama boksi lake lilipokuwa. Akafungua mkoba, akatoa kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande vya chaki. Miaka mitatu ya vipande! Kaandika navyo mpaka saa nane bila kupunguza hata robo ya kopo.

Nikaona nibadili mbinu. Nikamwomba anieleze njia yake, nikitumaini atajikwaa mahali. Nilijitayarisha kucheka. Sikucheka.

Wengine wote, mimi nikiwemo, huzifuata chembe moja moja. Hii imeigonga ile, zile mbili zimeigonga ya tatu, na kufikia mchana hesabu imekuwa vurugu tupu. Yeye hafuati chembe yoyote. Anachagua mahali na saa, kisha anauliza: aliyepo hapa saa hii, alitoka wapi? Kwa swali hilo anachora mstari mmoja unaopanda na kushuka kama njia ya milimani. Bonde lililo chini kuliko yote ndiko alikotoka. Na mabonde mawili yakilingana kina, basi chembe zote zilizokuwa kati yake zimekwishagandana hapo. Zimegongana mara mbili au mara elfu njiani, hana habari nazo. Anauliza bonde tu.

Nimekasirika kwa uzuri wa njia hiyo. Nimekwenda kusimama uani mpaka hasira ipungue, haikupungua. Kitu kama kile kinapaswa kuwa changu.

Nilisahau kumuuliza kuhusu kiduara.

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Naandika upesi nimalize.

Bi Kipande kaamua kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili jinsi gesi yake inavyokwenda. Kawapanga kumi na wawili kwenye korido ndefu ya idara, wengine mwanzoni, wengine katikati. Kila mmoja kapewa kikaratasi: aanzie wapi, apige hatua ngapi kwa kila kofi. Wakigusana washikane mikono, na kiranja wa darasa, mpiga makofi na kipenga, ahesabu vichwa, agawanye mwendo, atangaze mwendo mpya. Kisha kachora msalaba wa chaki sakafuni, mbele kabisa ya zulia la mlango wa Mkuu. Kipenga kikilia, kasema, lundo zima litakuwa limesimama hapa. Akajifungia ofisini ili mtu asije kusema aliwaongoza.

Ndipo nikapata mpango wa pili. Kumwaga mchanga kwenye kitumbua cha mtu hakuhitaji mchanga mwingi. Chembe moja ya ziada inatosha! Nikajibana kwenye mlango wa stoo, ulio katikati ya korido, kikombe cha chai mkononi. Makofi yakaanza. Wakaanza kugandana, wawili, kisha watano, kisha tisa. Lundo liliponifikia nikaweka kikombe kwenye rafu, nikashika mkono wa mwanafunzi wa nyuma na kuinamisha kichwa. Kiranja kahesabu vichwa bila kuangalia nyuso. Kijana mwaminifu, atafika mbali.

Kipenga kikalia. Lundo limesimama hatua moja nyuma ya msalaba. Moja nzima! Moyo wangu uliruka.

Bi Kipande katoka. Katazama pengo. Kahesabu vichwa kwa kipande cha chaki. Kisha akasimama juu ya msalaba, akageuka, akaanza kurudi nyuma akihesabu hatua kwa sauti. Kumi na tatu. Akasimama mbele ya stoo. Akawaambia wanafunzi kwamba kuna mtu alikuwa amesimama hapa. Mtu mmoja kati ya kumi na watatu akilirudisha lundo zima hatua moja, lazima yeye mwenyewe awe nyuma hatua kumi na tatu. Mwanafunzi mmoja akauliza anajuaje kwamba alikuwa amesimama, huenda alikuwa akitembea. Kamjibu kwamba angetembea peke yake, viatu vyake vingesikika mpaka ofisini.

Ni kweli viatu vyangu vinalia. Sikujua kwamba watu wanajua.

Akafungua stoo. Kikombe changu kwenye rafu, bado kinafuka, kimeandikwa BINGWA. Zawadi ya dada. Na nyuma ya ndoo, maboksi saba ya chaki. Hapo hapo Mkuu akafungua mlango wake, akakuta watu kumi na watatu wameshikana mikono mbele ya zulia lake, mimi mmoja wao. Alifunga taratibu.

Wanafunzi walimshangilia Bi Kipande. Ninachojutia zaidi ni kwamba mkono wangu mmoja ulikuwa huru, nami nikalipigapiga paja langu nao. Kupata mtu kutoka kwenye pengo la hatua moja! Nimeshindwa kuichukia hesabu ile, ingawa nimejaribu tangu saa nne.

Alhamisi, 6 Juni

Sikwenda kazini. Nimemwambia dada naumwa. Kanigusa paji la uso, kasema naumwa aibu, akanipa kazi ya kuchambua mchele.

Nimekaa nao mezani. Kesho ni semina, na mimi sina kitu. Friji inanguruma nyuma yangu na ratiba yake. Nikajiona nikikagua vyoo na daftari. Sitanii, machozi yalinilengalenga. Miaka kumi ya hesabu, na nitakachoacha idarani ni jina la utani la mtu mwingine.

Kisha dada na shemeji wakatoka kwa wakati mmoja. Mlango wetu mwembamba. Wakabanwa kizingitini bega kwa bega, dada akielekea sokoni upande wa kushoto, shemeji shuleni upande wa kulia. Kwa nukta moja walikuwa kitu kimoja kilichosimama. Nukta iliyofuata, kila mmoja na njia yake.

Mchele nikauacha.

Tuseme saa inaanza sasa hivi, na chembe mbili za uzito sawa zipo mahali pamoja. Msukumo wa jumla ni sifuri. Jawabu la kwanza: zimegandana, zinabaki hapo milele. Jawabu la pili: moja inakwenda kushoto, moja kulia, kasi ile ile. Uzito haukupotea. Msukumo, wa kulia ukitoa wa kushoto, bado ni sifuri. Milinganyo yote miwili imeridhika! Likabaki sharti la Bi Kipande, maana analo sharti moja linalozuia chembe kutawanyika ovyo: tofauti ya kasi zao isizidi umbali ulio kati yao ukigawanywa kwa muda uliopita. Nikapima. Haizidi. Inalingana barabara, kama kifuniko na sufuria yake.

Majawabu mawili. Nimepata majawabu mawili! Nimepima mara tisa. Nikagonga meza mpaka mchele ukamwagika.

Dada karudi, nikamweleza kwa kutumia chumvi na pilipili manga. Kaelewa haraka kuliko kamati yoyote. Kisha kaniambia nimpelekee Bi Kipande leo hii, ajue kabla ya kesho, maana huyo ni mwenzangu na amenivumilia miaka mitatu. Nikamjibu kwamba leo haina watazamaji. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamwambia mimi sichimbi, natoboa. Kasema basi nimalize kuchambua mchele.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi umejaa. Mkuu mstari wa mbele. Shemeji naye kaja, kavaa suti, kakaa nyuma kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake. Nimevaa tai ile ile.

Bi Kipande kaongea dakika arobaini. Bonde, mabonde mawili, lundo, vyote vikaja kwa zamu yake bila neno la ziada. Sijawahi kuona ubao ukijaa kwa adabu vile. Mara mbili nilijikuta nikitikisa kichwa kwa kukubali, nikajizuia. Alipofika kwenye mstari wa kiduara chekundu akapunguza sauti, akaupita upesi. Mimi nikauona. Nimeketi naye miaka mitatu, najua anavyopumua akiwa hana uhakika. Kumbe kiduara hakikuwa pambo. Kilikuwa kidonda.

Maswali? Nikasimama. Nikaenda ubaoni viatu vikilia njia nzima. Nikachora chembe mbili mahali pamoja saa sifuri. Nikaonyesha jawabu la kwanza, nikaonyesha jawabu la pili, nikapima sharti lake mbele ya macho yao. Nikawaambia kwamba majawabu ni mawili, kwa hiyo uthibitisho huu umetoboka. Nikaweka chaki chini, ndefu, nzima.

Mkuu kavua miwani. Mtu mmoja nyuma kakohoa, shemeji nadhani. Bi Kipande alikuwa ameganda, macho kwenye mchoro wangu. Nikamwona rangi inamtoka usoni. Nilikuwa nimeisubiri nukta hii kwa miaka mitatu, na ilipofika haikuwa na ladha niliyoitarajia. Kwa mara ya kwanza nikakumbuka kwamba yeye naye mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na kwamba ana mama mgonjwa anayemtegemea. Nikatamani kuufuta mchoro. Ningekuwa karibu na dasta, pengine ningeufuta.

Akaomba dakika ishirini. Watu wakaenda kunywa chai. Mimi nikabaki mlangoni. Hakukaa. Alisimama mbele ya chembe zangu mbili na kipande chake kidoleni, midomo ikitembea. Kisha akacheka peke yake, kicheko kidogo, kama mtu aliyepata ufunguo kwenye mfuko alioukagua mara kumi.

Watu waliporudi akawaambia kwamba hilo ndilo swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, na kwamba miezi miwili alikuwa halali vizuri kwa ajili ya mstari ule wenye kiduara. Alijua unavuja, hakujua wapi. Sasa ameonyeshwa. Akauliza: chembe hizi mbili zikiwa kitu kimoja kilichosimama, nishati yao ni kiasi gani? Sifuri, watu wakajibu. Na mara tu saa inapoanza, katika jawabu la pili, zinakimbia. Nishati hiyo imetoka wapi? Hakuna aliyezisukuma. Gesi haina shinikizo.

Mimi nilijua jibu. Imetoka kwangu.

Akaandika sharti moja tu la nyongeza, mstari mmoja: ukiirudia saa sifuri kidogo kidogo, nishati nayo irudi ile ile ya mwanzo, isibaki hata chembe ya ziada. Jawabu langu la pili likaanguka pale pale. Kisha akarudi kwenye kiduara chekundu, akapitisha sharti lile ndani yake, na mstari uliovuja miezi miwili ukaziba. Vyote vilivyofuata vikasimama vyenyewe. Jawabu lipo. Jawabu ni moja. Akafuta kiduara kwa kidole gumba.

Mtu akaanza kupiga makofi kwa nguvu, peke yake, kabla ya ukumbi kuelewa. Nikatazama ni nani. Kumbe ni mimi. Nilikuwa nimesimama na macho yamelowa, kwa sababu kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona kwenye ubao, na nusu saa kabla yake nilikuwa nimejaribu kukiua.

Nafasi kapewa yeye. Shemeji alinisubiri nje, akanishika bega kwa huruma ya kweli, akaniuliza saizi yangu ya koti la maabara.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kaniletea kalamu nyekundu, dazeni. Dada kaniuliza kama ningemwambia Bi Kipande siku ya Alhamisi ingekuwaje. Nimefikiri. Ingekuwa makala yetu wawili, jina langu pembeni ya lake. Nikamjibu dada kwamba sioni tofauti. Kaniletea mchele.

Jumatatu, 10 Juni

Mambo yamegeuka. Mkuu kaniita. Kumbe Bi Kipande, kabla ya kutia sahihi, alimwambia kwamba uthibitisho wake usingesimama bila mtu wa kuutoboa, na kwamba idara inayojithamini humlipa mtoboaji wake. Nimepewa mwaka mmoja zaidi. Mkuu hakuonekana kufurahi. Kanionya kuhusu zulia lake.

Nimerudi ofisini sijui niseme nini. Nilitaka kusema asante na ikatoka kuwa hali ya hewa leo si mbaya. Bi Kipande kaitikia kwamba si mbaya. Kisha kaniwekea mezani rasimu ya makala yake. Ukurasa wa tatu, chembe zangu mbili zimechorwa vizuri, na chini yake jina langu lote. Nimelisoma mara nne. Herufi zote zimo.

Juu ya rasimu kaambatisha kikaratasi. Kaandika kwamba kazi yetu yote ilikuwa kwenye mstari mmoja, ambako chembe haziwezi kupishana. Lakini zikiwekwa kwenye uwanja mpana, zinaweza kupishana kwa upana wa unywele tu. Huko, kaandika, anahisi majawabu ni mengi, kama nilivyokuwa nikisema siku zote. Hajaligusa swali hilo. Ananiachia mimi, ni langu.

Nilikaa na kikaratasi hicho saa nzima. Mwanamke huyu ana moyo wa ajabu, na akili inayonitisha, na nina bahati kuketi mbele yake. Nimeandika hilo na silifuti.

Lakini nimefikiri zaidi. Kwa nini aniachie? Mtu hagawi kitu kizuri hivihivi. Na kama yeye anasema huko majawabu ni mengi, basi mimi nitathibitisha kwamba ni moja tu! Nimeanza leo. Semina ijayo nitasimama mbele ya idara nzima. Tai ninayo.

Kinachobaki ni kujua yeye amefikia wapi. Naandika haya nikiwa stoo, kati ya ndoo na maboksi ya chaki, mlango nimeuacha wazi kidole kimoja. Kutoka hapa, kupitia mlango wa ofisi yetu, ubao wake unaonekana vizuri. Viatu nimevua na kuviacha nje, kando ya mlango, visije vikalia. Na kikombe safari hii sikuja nacho. Mtu hujifunza.